Je, Wajua Oili Ikitoka Kwenye Mashine ya Boti, Maji Huwa Yameshaingia?

Wakati wa bamvu, maji ya Moa, kijiji cha pwani ya Tanga, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakipwa, boti zilizokuwa zikielea kwenye hori hubaki zimekalia tope pembeni mwa mikoko. Hakuna saa nzuri kuliko hiyo ya kuikagua mashine iliyopachikwa tezi. Mguu umeinuliwa, propela iko hewani, na tone la oili lililoning'inia halina pa kujificha. Baharini tone hilo hilo lingetanda juu ya maji likapotea, na nahodha asijue kama ni lake au la jirani.

Wengi wakiliona hununua oili wakaongeza, basi. Kwao kilichopotea ni oili. Lakini oili ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kile kilichoingia mahali pake.

Mashine ya kupachika ina sehemu mbili zisizofanana kabisa. Juu, ndani ya kofia, petroli inaungua. Chini, ndani ya maji ya chumvi, kuna boksi la gia. Shafti ndefu hushuka wima kutoka kwenye injini, ikakutana na gia zinazougeuza mzunguko kwa nyuzi 90 ili propela isukume maji nyuma. Hapo mwendo nao hupunguzwa: kwenye mashine nyingi za nguvu farasi 15 au 40, injini ikipiga mizunguko 5,000 kwa dakika, propela hupiga takriban 2,500. Ole Evinrude, Mnorwei aliyelelewa Marekani, alianza kuuza mashine za namna hii mwaka 1909. Yamaha, ambayo wavuvi wetu wanaijua zaidi, ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960. Mpango wa mguu umebaki ule ule.

Boksi hilo la gia hubeba oili kidogo sana, chini ya nusu lita kwa mashine za ukubwa huo. Kinachoitenga na bahari ni oili sili, yaani pete za mpira zinazoibana shafti, pamoja na pete ndogo za kuzibia skrubu mbili za pembeni. Mashine ikifanya kazi, boksi hupata joto, vilivyomo hutanuka, na shinikizo la ndani hupanda. Sili iliyochoka huachia oili kidogo. Boti ikifika, injini ikazimwa na mguu ukapoa ndani ya maji, mambo hugeuka: vilivyotanuka hunywea, na boksi hufyonza maji ya bahari kupitia upenyo ule ule. Kesho yake safari nyingine, na mchezo unarudiwa. Ndiyo maana tone moja tu ni habari mbaya hata kama kiasi cha oili kinaonekana hakijapungua. Pengine hakijapungua kwa sababu maji yamejaza pengo.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Iache mashine imesimama wima usiku kucha bila kuiwasha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatulia chini. Asubuhi legeza kidogo skrubu ya chini, kinga kikopo, utazame kinachotangulia. Kikitangulia maji, jibu umelipata. Ikitoka oili iliyokwisha kuvurugwa na maji, rangi yake ni ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imetumika kupita kiasi. Vumbi laini la chuma kwenye skrubu yenye sumaku lisikutishe, gia zote husagika kidogo. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine: jino limevunjika.

Sili inakatwa na nini? Mara nyingi ni mshipi. Uzi wa nailoni ukinaswa na propela hujizungusha kwenye shafti, ukasogea mpaka nyuma yake na kuukata mpira taratibu. Kwa mvuvi, anayefanya kazi katikati ya mishipi na nyavu, kuivua propela na kutazama nyuma yake ni kazi ya kila mara. Kuna mafundi wanaopaka gundi kwa nje pale panapovuja. Ni kupoteza pesa, maana shinikizo linatoka ndani na gundi imekaa nje. Sili hubadilishwa.

Lakini si kila weusi ni uvujaji. Kwenye mashine nyingi moshi hutokea katikati ya propela, ndani ya maji, na huacha masizi yenye mafuta kwenye mapanga yake. Hayo ni mabaki ya petroli na oili iliyochanganywa nayo. Oili ya gia ni nzito, hunata, na nyingi huwa na harufu ya salfa. Futa, endesha, kisha pima kiasi kwenye boksi kabla hujamwita fundi.

Kofia ya juu nayo ina mambo yake. Mashine ya mipigo miwili haina tangi la oili chini ya injini. Oili yake huungua pamoja na petroli, na mashine nyingi hutaka lita 1 kwa lita 50. Ukizidisha, plagi huchafuka. Ukipunja, pistoni hukwama. Ya mipigo minne ina kijiti cha kupimia, na hapo kuna ajabu moja: oili ikipanda badala ya kushuka, huku inanuka petroli, ujue petroli inateremka kwenye oili na kuipunguzia uzito. Aliyefurahi kwamba mashine yake "haili oili" afikirie tena.

Oili ya gia, kwa kawaida namba 90, hubadilishwa kila saa 100 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Boti inayotembea saa 5 kwa siku hufika saa 100 kwa siku 20. Jaza kwa tundu la chini mpaka oili itokee tundu la juu bila mapovu, funga la juu kwanza, kisha la chini, kwa pete mpya za kuzibia. Na tope la hori letu halina huruma na impela ya mpira inayovuta maji ya kupoza injini: mchirizi wa maji unaotoka pembeni ukidhoofika, zima kabla joto halijaharibu silinda. Kila jioni uoshe mguu kwa maji baridi.

Anayevuka kwenda Pemba ana zaidi ya kilomita 50 mbele yake, juu ya mkondo wenye kina cha mamia ya mita ambako nanga haina faida. Sili ya mpira ni rahisi sana ukilinganisha na seti ya gia, na seti ya gia ni rahisi ukilinganisha na usiku wa kuchukuliwa na maji.

Oili chafu usiimwage kwenye hori. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza kwenye tope ndiyo inayopumua, na ikipakwa oili, matundu yake huziba na mti hufa. Itie kwenye dumu, uifunge, upande nayo juu.