Mtoto wa SS hakurogwa

Katika uwanda wa Ruzizi, kuanzia Mutarule na Sange hadi Uvira mjini, mbu wa malaria huzaliana kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi. Humo humo kuna familia zinazolea mtoto ambaye vidole vinamvimba, macho yanageuka manjano, na damu inampungukia mara kwa mara. Majirani watasema karogwa. Wakwe watamlaumu mama. Ukweli umo ndani ya damu yenyewe, na malaria ina mkono wake.

Chembe nyekundu za damu zimejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino, na jeni ndizo zinazoamuru ipi ikae wapi. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Kwa mwenye jeni ya S, ile ya sita tu ndiyo iliyobadilika: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Basi kwa mwenye jeni mbili za S (SS), oksijeni ikipungua, himoglobini hushikamana, chembe hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu makali huanza. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Hizi za mundu hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu haitoshi.

Mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani wenye jeni moja ya kawaida (A) na moja ya S, ambao kwa kawaida hawaumwi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Mama peke yake hawezi kumpa mtoto SS.

Kwa nini jeni hii imeenea kwetu? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 na kuona kwamba wenye AS ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, na ni wachache milimani. Mwaka 1954 alitangaza kwamba AS humkinga mtoto na malaria kali. Waliokuwa nayo walipona, wakazaa, wakairithisha.

Mwenye SS hana bahati hiyo. Malaria humaliza damu yake kidogo iliyopo, na wengu wake ulioharibika haumlindi vizuri dhidi ya vijidudu. Alale ndani ya chandarua kila usiku, apate chanjo zote, anywe maji ya kutosha, akingwe na baridi. Akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nanyi vijana mnaotaka kuoana, pimeni damu kabla ya mahari kupelekwa. Na aliyekwisha kumzaa mtoto wa SS asipoteze siku kwa waganga: mtoto huyo akitunzwa vizuri, atasoma na atakua.