Safari ndefu kwa gari: Kichwa kikiuma, usikimbilie tembe

Mvua ilianza kunyesha jua likitua. Tulikuwa tumeegesha gari letu katika uwanja wa kambi karibu na lango la Chorlim, Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, baada ya kupitia Kitale na Endebess. Chakula kilikuwa bado jikoni, na baridi ya mlima huo, msomaji, si ya kuchezewa. Tukaingiza jiko la makaa ndani ya gari, tukafunga milango, tukacheka na kuimba huku sufuria ikichemka.

Mimi nilitoka kufunga turubai. Niliporudi, kitinda mimba wetu aliniambia, "Baba, kichwa kinaniuma." Nilidhani ni uchovu wa njiani, nikampa dawa ya maumivu. Punde si punde dada yake akasema hivyo hivyo, kisha mama yao, ambaye si mtu wa kulalamika, akasema anahisi kizunguzungu na kichefuchefu. Hapo ndipo nilipozinduka. Vichwa vitatu ndani ya gari moja haviwezi kuuma kwa wakati mmoja bila sababu. Mimi, daktari, nilikuwa nikiitilia sumu familia yangu.

Tuliwatoa wote nje mvuani, jiko likatupwa mbali, na usiku huo huo tukateremka hadi Kitale ambako waliwekewa oksijeni. Kulipopambazuka walikuwa wakiomba chai na mandazi. Wako wengi ambao hawakupata bahati hiyo.

Nakueleza haya kwa sababu siku hizi familia nyingi za mjini zimeanza kupenda safari za aina hii. Mtu anaondoa viti vya nyuma vya Hiace au Land Cruiser, anaweka godoro, mapazia na mkebe wa maji, kisha anafunga safari ya siku kadhaa kuelekea magharibi. Ni jambo zuri kwa mwili na akili. Hata hivyo, mtu anayelala, kupika na kusafiri ndani ya chumba kimoja cha bati anahitaji kuujua mwili wake kuliko anavyoijua injini. Na njiani mwili hupenda kutoa onyo kwa njia moja: kichwa kuuma. Kabla ya kumeza tembe, jiulize kwanza kinauma kwa nini.

KICHWA CHA MCHANA: KIU, NJAA NA USINGIZI

Kutoka Nairobi hadi Kitale kupitia Nakuru na Eldoret ni karibu kilomita 380. Wengi wetu huondoka alfajiri baada ya kukesha tukifunga mizigo, tumbo likiwa na kikombe kimoja cha chai. Tukifika Timboroa kichwa kinagonga kama ngoma.

Mara nyingi tatizo ni maji. Akina mama hasa hujinyima maji kwa kuogopa vyoo vichafu vya njiani. Matokeo yake ni kichwa kuuma, mkojo kuwa wa rangi nzito na, kwa baadhi yao, maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa maji kidogo kidogo kila saa na upange mapema vituo vya mafuta ambavyo mtasimama. Mkojo ukiwa na rangi hafifu, maji yanatosha.

Tatizo la pili ni usingizi. Dereva anayepiga miayo mfululizo, anayeyumba njiani au asiyekumbuka kilomita chache alizopita amekwisha kuanza kulala macho wazi. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio au kutafuna miraa hakuondoi usingizi. Kahawa husaidia kwa muda tu. Dawa ya usingizi ni kulala. Lala saa saba au nane usiku wa kuamkia safari, simama kila baada ya saa mbili, na kama kuna dereva wa pili, pokezaneni. Jihadhari pia na dawa za mafua. Nyingi zina klofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, nayo huleta usingizi.

Unaposimama, shuka utembee kwa dakika kumi. Kukaa kwa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu kunaweza kufanya damu igande katika mishipa ya miguu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wajawazito, waliofanyiwa upasuaji majuzi, wanene na wazee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla baada ya safari, nenda hospitali.

Na neno moja kuhusu kitanda cha nyuma: ni cha kulalia gari likiwa limesimama. Gari likitembea, kila mtu aketi kwenye kiti na kufunga mkanda, watoto wakiwemo. Kanuni zilizoitwa za Michuki, za mwaka 2004, zilitufunza mikanda ndani ya matatu. Itakuwa aibu kuisahau katika gari letu wenyewe, hasa kwenye mteremko kama ule wa Kamukuywa, baina ya Kitale na Webuye, ambako wasafiri wengi wamepoteza maisha.

KICHWA CHA USIKU: JIKO NDANI YA GARI

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kambi za Mlima Elgon ziko juu zaidi. Usiku baridi hupenya blanketi, na hapo ndipo kishawishi cha jiko huingia.

Makaa yanapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Wengi hudhani kuwa makaa yakishakuwa mekundu na moshi kuisha, hatari imekwisha. Sivyo. Hewa hiyo huendelea kutoka. Ikiingia mapafuni hujishikiza kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haina oksijeni ya kutosha kuupelekea ubongo na moyo.

Huanza kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Aliyekuwa amelala huenda asihisi dalili yoyote. Watoto wachanga, wajawazito na wagonjwa wa moyo huathirika haraka.

Utaitambuaje? Kumbuka mambo matatu: watu zaidi ya mmoja wanaugua kwa wakati mmoja, hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo, fungua milango, toa kila mtu nje na utafute hospitali yenye oksijeni hata kama mgonjwa anasema amepona. Usipoteze muda ukitafuta maziwa ya kumnywesha. Maziwa hayaiondoi sumu hii, na aliyezimia anaweza kupaliwa.

Kinga yake ni rahisi. Pikeni nje. Jiko lisiingie ndani ya gari wala hema, liwe la makaa, la gesi au la mafuta ya taa, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Usilale injini ikinguruma ili upate joto. Vaeni soksi na kofia, ongezeni blanketi, na jazeni maji ya moto katika chupa ngumu, muifunge kwa taulo na kuiweka miguuni. Mgonjwa wa selimundu, ugonjwa unaojulikana sana katika familia za magharibi, asiachwe apate baridi wala kiu, kwani vyote viwili huweza kuamsha maumivu makali.

Mkipanda mlima, kumbukeni pia kwamba kilele cha Koitobos kina mita 4,222. Kuanzia mita 2,500 hivi, baadhi ya watu huumwa kichwa kwa uchache wa oksijeni. Pandeni polepole, na kichwa kikizidi kuuma, teremkeni.

KICHWA CHA BAADA YA SAFARI: MBU NA POPO

Kutoka Kitale barabara inapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, ambako Mto Nzoia unaporomoka kwenye maanguko ya Nabuyole, kisha inaelekea Bungoma. Mnapofika mji huo mmeshuka karibu mita 500. Sweta zinavuliwa, watoto wanacheza nje hadi usiku, na mbu wanakuja.

Bungoma iko katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria haikatiki mwaka mzima. Mtu aliyekulia huko huwa amejenga kinga ya kiasi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga hiyo, hata kama babu yake ni wa Kimilili au Sirisia. Kwa damu ya mtoto huyo, nyumbani ni ugenini. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka 2019 katika sehemu za kaunti za magharibi na Nyanza, Bungoma ikiwemo, kwa watoto wadogo wa huko. Usidhani wako amekingwa kwa sababu binamu yake amechanjwa.

Kwa hiyo weka nyavu za mbu kwenye madirisha ya gari, au mlale ndani ya chandarua chenye dawa. Jioni vaeni mikono mirefu na mjipake dawa ya kufukuza mbu. Wiki moja au mbili kabla ya kuondoka, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria, hasa kwa watoto wadogo, wajawazito na wenye selimundu. Usijitibu kwa hadithi za klorokwini. Iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 1998 kwa sababu vimelea viliizoea.

Mbu akikuuma leo, homa haiji kesho. Kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi wiki mbili, wakati mmesharudi mjini na picha za safari zimeshaonyeshwa. Mtoto anaumwa kichwa, anatetemeka, anatapika, nawe unasema ni mafua. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari ipimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari, hata asipouliza, "Tulikuwa Bungoma." Ukipewa dawa za ALu, maliza dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula.

Vivyo hivyo kwa mapango ya Elgon. Pango la Kitum ni ajabu ya kweli: ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwenye kuta zake kwa pembe. Lakini mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, na mwaka 1987 mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark, waliugua homa ya Marburg baada ya kulizuru, nao wakafa. Daktari aliyemhudumia yule wa kwanza aliambukizwa pia, akapona. Baadaye watafiti waligundua kuwa popo wanaokula matunda, wanaoishi mapangoni, hubeba virusi hivyo. Visa ni vichache mno, na sisemi usiuone mlima. Tazama pango kutoka mlangoni ukiwa na askari wa mbuga, usiguse popo wala kinyesi chao, na ukipata homa baadaye, mweleze daktari ulikokuwa.

KABLA HUJAWASHA GARI

Tenga kisanduku kimoja cha dawa: parasetamoli, kipimajoto, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, bandeji, sabuni, glavu na dawa ya klorini ya kutibu maji. Mkikosa pakiti za chumvichumvi, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Mahindi ya kuchoma na nyama kuleni, mradi viwe vya moto kutoka kwenye makaa. Kachumbari iliyokaa juani iacheni.

Mwenye presha au kisukari abebe dawa za kuzidi siku za safari, katika mkoba wa mkononi. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Iwekwe ndani ya chungu kidogo kilichofungwa kitambaa kibichi, kivulini. Andika pia hospitali za rufaa za kaunti mtakazopita, Kitale na Bungoma zikiwemo, ili usiku wa dharura usianze kwa kuuliza njia.

Baada ya hapo, starehe. Msikimbilie kumaliza kila kitu kwa siku mbili. Laleni Eldoret mkichoka. Asubuhi moja tembeeni polepole juu ya vijia vya mbao vya Saiwa, mbuga ndogo isiyoruhusu magari ndani, mkimtafuta nzohe, yule paa wa majini, kwenye mafunjo. Kutembea huko kutawafaa kuliko dawa nyingi ninazoandika kliniki.

Jiko letu bado tunalo, na bado tunasafiri nalo. Tofauti ni kwamba kitinda mimba ndiye askari wake. Jioni ikifika, hulihesabia hatua kumi kutoka mlangoni na kulitua hapo, na hakuna mtu anayepanda kulala kabla yeye hajamwagia makaa maji na kuyakoroga kwa kijiti. Safari njema.