Wajibu wa Mwenye Mbwa Anapong'ata Mtu

Katika vibanja vya Kitendaguro, Bukoba, mbwa ni mlinzi wa nyumba. Aking'ata mtu, mwenye mbwa huwajibika. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kituo cha afya kupata chanjo bila kungoja. Mwenye mbwa asimuue wala kumficha: amfungie siku 10 chini ya uangalizi wa afisa mifugo, na aseme kweli kama alichanjwa. Mbwa akibaki mzima, hakuwa akiambukiza kichaa alipong'ata, na daktari aweza kusitisha dozi zilizosalia. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Fidia hulipa gharama, hairudishi uhai.