Usione Vyaelea, Vimeundwa: Picha za Akili Unde na Usalama wa Watu wa Mpakani

Katika maisha ya watu wa mpakani, picha ni shahidi anayeheshimiwa. Kwa picha mfugaji huthibitisha alama ya ng'ombe wake aliyevushwa usiku. Kwa picha mzazi humtafuta mtoto aliyepotea siku ya gulio. Kwa picha afisa wa uhamiaji hulinganisha uso ulio mbele yake na ule uliobandikwa kwenye hati. Shahidi huyu sasa anaweza kusema jambo ambalo hakuliona. Makala haya yanaeleza jinsi akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, inavyobadilisha kazi ya kurekebisha picha, manufaa yake ni yapi, na mwananchi ajihadhari vipi.

Ufundi wa kale, chombo kipya

Kugeuza picha hakukuanza na kompyuta. Katika Umoja wa Kisovieti, Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi ya siri, alipigwa picha akitembea na Stalin kando ya mfereji. Baada ya kuuawa mwaka 1940, mafundi walimwondoa katika picha hiyo, na mahali pake yakabaki maji matupu. Mwaka 1990 programu ya Photoshop iliingia sokoni, na kazi iliyohitaji wembe na brashi ikawezekana kwenye kioo cha kompyuta. Hata hivyo, ilihitaji mkono uliozoea na saa nyingi za kazi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2022, programu kama DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion zilipowafikia watu wa kawaida. Mwaka uliofuata Photoshop yenyewe iliongezewa uwezo wa aina hiyo: fundi huzungushia alama sehemu ya picha, huandika maneno machache, na programu huijaza sehemu hiyo kama alivyoagiza. Baadhi ya simu nazo hupiga picha kadhaa za kundi moja la watu, kisha huchukua uso wa kila mmoja pale alipopendeza na kuziunganisha nyuso hizo katika picha moja, ingawa hapakuwa na dakika ambayo wote walitabasamu kwa pamoja.

Ni muhimu kuelewa jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Hujifunza kutoka mamilioni ya picha, kisha hukadiria ni rangi na umbo gani kwa kawaida hukaa mahali fulani. Ukiiamuru imwondoe mtu aliyesimama langoni, haikurudishii kilichokuwa nyuma yake, kwa maana haijui. Hukutengenezea ukuta unaofanana na kuta ilizowahi kuona. Ni kama fundi cherehani anayetia kiraka kwenye kitenge kwa kuoanisha maua: jicho halioni mshono, lakini kiraka hakiwi kitambaa cha awali.

Manufaa yasiyokataliwa

Chombo hiki si haramu wala si adui. Wenye studio katika miji yetu ya mpakani hukitumia kufufua picha za harusi za wazee zilizochanika, kusafisha mandhari ya nyuma, na kutengeneza mabango ya biashara kwa bei nafuu. Kwa vijana wabunifu, hiki ni kipato halali.

Hata mabingwa wa fani hii wamekuwa wakibishana kuhusu mpaka wake. Mwaka 2023 msanii wa Ujerumani, Boris Eldagsen, alishinda katika mashindano ya Sony World Photography Awards, kisha akaikataa tuzo na kutangaza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili unde. Mwaka 2024 Miles Astray alifanya kinyume chake: aliingiza picha halisi ya heroe katika kundi la picha za akili unde, nayo ikatunukiwa. Ikiwa waamuzi waliobobea huchanganyikiwa pande zote mbili, mwananchi mwenye simu ndogo asijilaumu, bali ajifunze kutohukumu kwa jicho peke yake.

Picha ya pasipoti haipambwi

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, walionyesha kwamba nyuso za watu wawili zinaweza kuchanganywa kuwa picha moja ambayo mashine ya mpakani huikubali kwa wote wawili. Hivyo pasipoti moja yaweza kutumiwa na watu wawili, na mmoja wao akawa mhalifu anayesakwa. Ujerumani iliona hatari hiyo ikabadilisha utaratibu wake: tangu Mei 2025 picha ya hati hupigwa katika ofisi ya serikali, au hutumwa huko moja kwa moja na studio iliyoidhinishwa, kwa njia salama ya kidijitali.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo uso ulio kwenye kadi ndogo una uzito wa pasipoti. Wenye studio wanaombwa wakatae kung'arisha ngozi, kupunguza mashavu au kufuta kovu katika picha za hati, hata mteja akisisitiza. Anayependezeshwa leo ndiye atakayesimamishwa dirishani kesho, basi likimwacha, akihojiwa kwa nini hafanani na kitambulisho chake.

Kunoleshwa si kufichuliwa

Wananchi wengi hutuletea picha yenye ukungu, wakiwa wameipitisha kwenye programu ya kuinolesha ili sura ya mwizi ionekane. Nia yao ni njema, lakini matokeo huweza kumtia hatiani asiye na hatia. Mwaka 2020 programu moja iliyoundwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipopewa picha hafifu ya Barack Obama ilitoa uso wa mzungu. Haikuufichua uso uliojificha, iliubuni mwingine. Mwaka 2024 jaji katika jimbo la Washington, Marekani, alikataa kupokea video iliyonoleshwa kwa akili unde katika kesi ya mauaji, kwa kuwa programu huonyesha inachodhani kilipaswa kuwapo, si lazima kile kilichonaswa na kamera.

Kwa sababu hiyo, mzazi anayemtafuta mwanawe atoe picha ya asili, hata ikiwa na giza. Pua iliyonyooshwa au kovu lililofutwa vyaweza kumfanya mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya mpaka ampite mtoto huyo bila kumtambua.

Uvumi hauna kizuizi cha barabarani

Mwaka 2018 huko India, video ya kampeni ya kulinda watoto, iliyotengenezwa Karachi nchini Pakistan, ilikatwa mwisho wake uliofafanua kuwa ni maigizo. Kilichobaki kilionekana kama utekaji wa kweli. Ilisambazwa kwa simu, na wageni wasio na kosa wakapigwa na umati hadi kufa katika maeneo mbalimbali. Hapo hapakuhitajika akili unde, mkasi ulitosha. Mei 2023, picha bandia ya moshi karibu na makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani iliyumbisha kwa muda masoko ya hisa kabla ya kukanushwa.

Mpakani, ambako kila siku hupita wageni wenye lugha na lafudhi tofauti, picha ya namna hiyo huweza kumgeuza mchuuzi wa nguo kuwa "mwizi wa watoto" kabla ya adhuhuri. Anayejichukulia sheria mkononi kwa sababu ya picha atajibu mashtaka, iwe picha ilikuwa ya kweli au ya uongo.

Picha za kudhalilisha

Wapo wanaochukua picha ya kawaida ya msichana na kuitengeneza ionekane ya utupu, kisha wakamdai fedha. Mwathirika ajue kwamba aibu si yake. Asilipe, maana malipo ya kwanza hualika madai ya pili. Ahifadhi ujumbe, namba na tarehe, kisha afike kituoni pamoja na mtu anayemwamini. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya na Rwanda zilitunga sheria zao za uhalifu wa mtandao mwaka 2018. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, iliyorekebishwa 2022. Kuvuka mpaka hakumpi mkosaji kinga.

Mambo ya kuzingatia

1. Hifadhi picha ya asili. Ukitaka kuirekebisha, rekebisha nakala.
2. Unapotuma picha ya ushahidi kwa WhatsApp, itume kama faili ya hati, kwa kuwa ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora na kuondolewa taarifa za wakati na mahali ilipopigwa. Usiifute simuni.
3. Kabla ya kusambaza picha ya kutisha, uliza: nani aliipiga, wapi, lini? Asipojulikana, iishie kwako.
4. Usitegemee tu kuhesabu vidole au kusoma maandishi ya mabango yaliyomo pichani. Dalili hizo zilisaidia zamani. Programu mpya huzisahihisha.
5. Mkinunua kiwanja au mifugo, nendeni mkaone kwa macho yenu, mkiwa na mwenyekiti wa kijiji na mashahidi.
6. Fundi aliyetengeneza picha kwa akili unde aandike hivyo waziwazi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Waliisema methali hiyo kuhusu vyombo vya baharini, nayo yafaa leo kwa picha zinazoelea katika simu zetu. Kila moja ina mwundaji, na kabla ya kumnyooshea mtu kidole au kumwinulia fimbo, inatupasa kumjua mwundaji huyo na nia yake. Mwenye shaka kuhusu picha yoyote ailete kituo cha polisi kilicho karibu, au aikabidhi kwa kiongozi wa kijiji chake. Kuuliza hakuna gharama, na mwenye kuuliza hatachukuliwa kuwa mtuhumiwa.