Ua gani litapanda ukuta wako kwenye baridi kali?



Mama yangu alipofika hapa Winnipeg, kitu cha kwanza aliuliza ni: "Maua yenu iko wapi?" Kwetu Uvira bugenvilia ilifunika ukuta wa parseli mwaka mzima. Nikamnunulia moja, nikaipanda karibu na mlango. Septemba haijaisha, imekufa. Mwaka uliofuata nikarudia, ikafa tena. Mama akasema, "Acha tu, udongo wa huku hautuitaki." Akaacha hata kukaa nje. Ile neno iliniuma. Njo maana nikaanza kusoma.

Kosa halikuwa la udongo. Uvira iko kando ya ziwa, usiku unajifunika shuka moja inatosha. Watu wa Minembwe, kule juu, njo wanajua koti. Lakini hata baridi ya Minembwe ni mchezo mbele ya Winnipeg, ambako Januari inaweza kushuka digrii 30 chini ya sifuri. Bugenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye joto. Ardhi ikiganda, mizizi inakufa.

Basi, kabla ya kutoa pesa, uliza maswali mawili.

La kwanza: mizizi inavumilia baridi gani? Angalia namba ya kanda kwenye lebo. Namba ikiwa ndogo, mmea unavumilia zaidi. Kwenye ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, kanda ya 3 inafika digrii 40 chini ya sifuri. Kanda ya 9 inaishia 7 chini ya sifuri. Bugenvilia ni ya 9 kwenda juu. Sisi wa Winnipeg tutafute ya 3. Ukipanda kwenye chungu, punguza namba mbili zaidi, maana baridi inaizunguka mizizi pande zote.

La pili, ambalo wengi hawaulizi: ua linatoka kwenye tawi la mwaka gani? Wisteria nyingi zinatengeneza matumba mwaka mmoja kabla. Mizizi inaweza kupona, lakini matumba yanaungua na baridi. Unabaki na majani kila mwaka, ua hakuna. Klematisi ya Jackmanii ni tofauti, inachanua kwenye tawi jipya. Hata juu ikikauka yote, inafanya kama mgomba: mtoto anatoka chini, na Julai unaona maua ya zambarau.

Kuna pia klematisi ya tangutica, yenye maua ya manjano, na lonisera iitwayo Dropmore Scarlet, nyekundu yenye kuelekea machungwa. Hii ya mwisho ilizalishwa hapahapa Manitoba na Frank Skinner, kijijini Dropmore. Imezaliwa ndani ya baridi, haiiogopi.

Panda mwisho wa Mei au Juni, baridi ya usiku ikiisha. Klematisi izamishe shina kama sentimita 5 chini ya udongo, ili juu ikifa, chini kubaki na macho ya kuchipua. Inapenda kichwa juani, miguu kivulini. Oktoba funika mizizi kwa majani makavu. Na theluji usiiondoe pale: ni blanketi yake.

Ukiitaka bugenvilia kwa lazima, iweke kwenye chungu. Iingize ndani mapema, dirishani, na maji kidogo.

Kiangazi cha tatu Jackmanii ikafika juu ya mlango. Mama akabeba kiti chake, akakaa chini yake. "Si ile ya kwetu," akasema, "lakini inajua kupanda."

Na wewe uliye kwenye baridi, ua gani limekushinda, na lipi limekubali? Tuandikie hapa chini, wengine wasipoteze pesa kama mimi.