Peugeot ya Baba: Kufufua Gari Kuukuu kwa Hesabu ya Mfanyabiashara

NAMANGA. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilizunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu lisilo na upepo, kisha akataja bei kwa kilo. Kaka yangu alikuwa tayari kukubali. Mama, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, hakuinua kichwa.

“Hilo gari ndilo lililowasomesha,” alisema. “Mkiliuza, liuzeni kama gari, si kama sufuria.”

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya safu tatu za viti. Wafanyabiashara wa rika la mama wanaikumbuka. Kabla ya matatu za Nissan kutawala barabara, “Peugeot” ndiyo iliyokuwa teksi ya haraka kati ya Nairobi na miji mingi ya mbali. Baba aliendesha hii, na mama alisafiri nayo, vitenge vyake vikiwa vimefungwa juu ya keria. Baba alipofariki, gari lilikaa chini ya mgunga miaka tisa.

Si gari la kubeza. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likatajwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiwa na 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa toleo la kupe lenye injini ya V6. Kwa miaka mingi yaliunganishwa hapa hapa Kenya. Ndiyo maana mwenye subira bado anaweza kupata spea akipita Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani Dar es Salaam, au Kisekka mjini Kampala.

Nilimwomba kaka anipe mwaka mmoja. Nilikuwa na Sh150,000 za Kenya, zana za kuazima, na fundi mstaafu aliyewahi kulitengeneza gari hilo enzi za baba. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: “Kijana, usianze na rangi. Rangi humaliza pesa na gari bado halijasogea.”

Tulianza na kutu. Tuligonga sakafu yote kwa bisibisi, tukapata matundu mawili chini ya miguu ya dereva. Tulikata chuma kilichooza na kuchomelea kipya. Hewa kavu ya Namanga ilitusaidia. Anayenunua gari kuukuu lililokaa pwani alale chini kwanza, aangalie sakafu na fremu, ndipo azungumzie bei. Injini hubadilishwa, lakini bodi iliyoliwa na chumvi ni shimo la pesa.

Baada ya kutu zikafuata breki, kisha rejeta, ndipo injini. Hapo 504 ina fadhila kwa mtu wa kipato kidogo. Slivu za silinda zake huchomolewa, na maji huzizunguka ndani ya bloku. Silinda ikilika, huhitaji kupeleka bloku ikachongwe. Unanunua seti ya slivu, pistoni na ringi, unabadilisha nyumbani.

Seti hiyo ndiyo iliyonipa kosa la kwanza. Niliikuta Arusha kwa bei nafuu kuliko Nairobi, nikavuka nayo nikitabasamu. Nilijua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Ofisa aliuliza swali moja tu: “Hii imetengenezwa wapi?” Boksi lilisema India.

Cheti hicho ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Thamani ndogo peke yake haitoshi. Pistoni ya India haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imelala kwenye rafu ya Arusha. Nililipa kodi, na unafuu wote ukayeyuka. Betri au rangi iliyotengenezwa katika kiwanda cha Jumuiya ina nafasi. Spea iliyotoka mbali, piga hesabu ya kodi kabla ya kufurahia bei.

Kosa la pili nililifanya uani kwetu. Slivu mpya zilikuwa zimeingia, silinda hedi bado haijafungwa. Nikazungusha krenki nione pistoni zinavyopanda. Sikuwa nimezibana slivu kwa bolti na washa. Zikainuka kidogo, sili za chini zikaachia. Tulipowasha injini, oili ikageuka kama chai ya maziwa. Tulifungua upya, tukanunua sili na gasketi nyingine, tukamwaga oili yote. Fundi hakunigombeza. Alisema tu, “Sasa umesoma.”

Mwezi wa kumi na moja injini ilishika. Daftari langu linaonyesha Sh191,000, yaani Sh41,000 juu ya bajeti, na zaidi ya nusu ya ziada hiyo ni makosa hayo mawili.

Kuna la tatu, ambalo halina bei ya spea. Gari bado liko kwa jina la baba. Bila kumaliza mirathi mahakamani na kuhamisha umiliki, siwezi kuomba kibali cha kulivusha mpaka, wala kulikatia Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambuliwa upande wa pili. Karatasi hizo zilipaswa kuanza siku ile tuliponunua bisibisi. Mwenye gari la marehemu uani aanzie huko, kwa sababu gari zima lisilo na hati halikusaidii barabarani.

Kwa hiyo safari ya kwanza iliishia sokoni, upande wetu wa mpaka. Mama alikaa mbele, gunia la maharage likiwa nyuma. Kaka aliyetaka kuuza ndiye aliyeshika usukani. Nilipoomba radhi kwa rangi iliyopauka, mama alipapasa dashibodi, akacheka.

“Rangi ya nini?” akauliza. “Abiria hakai nje.”