Kufundisha Ritifaa katika Maandishi ya Kiingereza

Miongoni mwa makosa ambayo mwalimu hukutana nayo kila siku katika madaftari ya Kiingereza, makosa ya ritifaa ni sugu mno. Mwanafunzi huiacha pale inapotakiwa, na huiweka pale isipotakiwa. Aghalabu mwalimu hutia alama nyekundu na kupita. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo lina asili yake, na kwamba mwalimu anayeijua asili hiyo aweza kulizuia kabla halijaota mizizi.

Asili ya Kosa

Ritifaa si ngeni kwa mtoto asomaye Kiswahili. Ameizoea katika maneno kama ng'ombe na ng'oa, ambamo hutofautisha sauti ya maneno hayo na ile ya ngoma na ngazi. Katika Kiswahili, basi, kazi ya ritifaa husikika. Katika Kiingereza mambo ni mengine. "The teacher's house" na "the teachers' house" hutamkwa sawasawa, ingawa ya kwanza ni nyumba ya mwalimu mmoja na ya pili ni ya walimu wawili au zaidi. Sikio halimsaidii mwanafunzi hapa; hana budi kuongozwa na maana.

Herufi Zilizoachwa

Yafaa kuanza na kazi iliyo nyepesi. Ritifaa hukaa mahali pa herufi iliyoachwa: "I am" huwa "I'm", na "do not" huwa "don't". Wanafunzi wengi huandika "do'nt", kwa kudhani kwamba alama hutenganisha maneno mawili. Mwalimu aandike "do not" ubaoni, aifute "o" ya pili mbele ya macho yao, kisha aweke ritifaa papo hapo palipofutwa.

Umilikaji

Kazi ya pili ndiyo ngumu. Katika Kiingereza cha kale, "cyning" ilikuwa mfalme, na "cyninges" ilikuwa "ya mfalme". Baadaye ile "e" ya mwisho ilipotea, na leo twaandika "king's". Kiswahili hutanguliza kitu kinachomilikiwa: kitabu cha mvulana. Kiingereza humtanguliza mwenye kitu. Kwa hiyo mwanafunzi aongozwe kwa hatua hizi:

(a) Aulize: ni cha nani? Jibu ni mvulana, yaani "the boy".

(b) Aliandike jina la mwenye kitu kwa ukamilifu, liwe la umoja au la wingi.

(c) Aweke ritifaa baada ya herufi ya mwisho ya jina hilo.

(d) Aongeze "s", isipokuwa kama jina ni la wingi na tayari lina "s" mwishoni.

Kwa njia hii "boy" hutoa "the boy's book", "boys" hutoa "the boys' book", na "children" hutoa "the children's book". Mwalimu asisitize kwamba idadi ya vitabu haihusiki: "the boy's books" ni vitabu vingi vya mvulana mmoja.

Mambo ya Kuangaliwa

Mwalimu akisema tu kwamba "s" ya mwisho hutanguliwa na ritifaa, wanafunzi wataandika "three book's". Wingi peke yake hauhitaji alama hii. Kadhalika "its", "hers", "ours", "yours" na "theirs" huonyesha umilikaji bila ritifaa. "It's" ni kifupi cha "it is" au "it has". Mwanafunzi mwenye shaka aisome sentensi kwa kirefu. Kwa kuwa "the dog wagged it is tail" haina maana, atajua kuwa hapo pafaa "its".

Zoezi la Imla

Mwalimu asisome "the girl's mother" peke yake kisha akamwadhibu aliyeandika "the girls' mother", kwani wote wawili wamesikia jambo lilelile. Asome sentensi inayofichua idadi, kama "The two girls' mother is a nurse", au atangulize maana kwa Kiswahili. Aliyekosea aulizwe: ni wa nani, naye ni mmoja au wengi? Mtoto azoeapo kujiuliza hivyo, atayasahihisha maandishi yake mwenyewe hata mwalimu asipokuwapo.